Mwenye Timu Ako Wapi?

Jumapili ya tarehe 21 Mei 2017, ukumbi wa mpira ulioko nyuma ya stendi ya Embu uliwasha televisheni mbili. Ile kubwa ilikuwa ya Arsenal na Everton. Ile ndogo, iliyotolewa chumba cha mwenye ukumbi na kuwekwa juu ya kreti za soda, ilikuwa ya Liverpool na Middlesbrough. Kiingilio kilikuwa kimepanda kutoka shilingi 30 hadi 50, mechi mbili kwa pesa moja, na siku hiyo hakuna aliyebishana mlangoni. Kila mtu alijua hesabu. Arsenal washinde, halafu Liverpool wateleze, ndipo tucheze UEFA msimu ujao. (Kwetu "kucheza UEFA" ni kucheza Ligi ya Mabingwa. Ile Europa ni ya UEFA pia, lakini hakuna anayeihesabu.)

Koscielny akala kadi nyekundu hata robo saa haijaisha. Bellerín alikuwa ameshafunga, na ajabu ni kwamba Sánchez naye akafunga, baadaye Ramsey, mechi ikaisha 3-1. Lakini nani alikuwa anaangalia? Shingo zote zilikuwa zimegeukia kreti za soda. Muda mfupi kabla ya mapumziko Wijnaldum akafunga kule Anfield, na ukumbi ukapoa kama chai iliyosahaulika. Liverpool 3, Middlesbrough 0. Arsenal wakamaliza wa tano na pointi 75, na baada ya misimu 19 mfululizo, mlango wa UEFA ukafungwa.

Vijana wakaanza wimbo wao wa Wenger aende. Baba mdogo wangu, aliyekuwa ameketi benchi la mbele na koti lake la Jumapili magotini, hakuimba. Aliuliza tu, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei:

"Sasa huyu mwenye timu ako wapi?"

"Mzee, mwenye timu ako Amerika," kijana mmoja akamjibu. "Hata mechi hakuja."

Baba mdogo akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Basi ni kama sisi na fakitori."

Yeye ni mkulima wa pande za Kianjokoma. Ana chai upande wa juu wa shamba na mibuni michache upande wa chini. Wakati huo nilidhani ni mzaha wa mzee. Baadaye nikaona kwamba alikuwa amesema jambo ambalo wachambuzi wa televisheni, na makoti yao mazuri, walikuwa wanalizunguka bila kuligusa.

Tazama neno lenyewe. Mwenye duka ana duka, mwenye nyumba anadai kodi, mwenye gari hupigiwa simu dereva akikamatwa. Lakini ukumbini, kabla ya mechi, yule anayepanga viti husema, "Wenye Arsenal wakae huku, wenye Chelsea kule." Hapo wenye Arsenal ni sisi, tulioingia na hamsini na jezi ya mtumba. Neno ni moja, lakini wenye wako wawili. Mmoja ana karatasi. Mwingine ana timu, na karatasi hana.

Ilikuwaje hata watu wa Embu na Meru wakawa wenye Arsenal? Kizazi cha baba mdogo kilianza na redio. Sauti ya Kenya ilitangaza mpira kwa Kiswahili, na Leonard Mambo Mbotela alikuwa na uwezo wa kukufanya uone kona ikipigwa hali umekaa jikoni ukimenya viazi. Timu zilizosikika zilikuwa Gor Mahia na Abaluhya. Mlimani watu waliwashangilia, kwa umbali. Gor ilikuwa ya Waluo na Abaluhya ya Waluhya, majina yenyewe yalisema hivyo, na Mwembu au Mmeru aliyezipenda alikuwa kama mgeni harusini: anakula, anacheza ngoma, lakini wakati wa kupiga picha ya familia anasogea kando. Mwaka wa 1980 serikali ya Moi ilipopiga marufuku vyama vya kikabila, GEMA, chama cha Wagikuyu, Waembu na Wameru, kikafa. Abaluhya ikawa AFC Leopards, Luo Union ikawa Re-Union. Majina yakabadilika na picha ya familia ikabaki ileile. Huku kwetu hapakuwa na klabu kubwa ya kubadilishwa jina. Gor walipochukua Kombe la Mandela mwaka wa 1987 dhidi ya Espérance ya Tunisia, baba mdogo anasema alishangilia mpaka majirani wakaja. Anasema pia kwamba kesho yake hakuwa na mtu wa kuongea naye habari hiyo.

Arsenal ilikuja bila kabila, na hiyo ndiyo siri yake, siyo mizinga iliyochorwa kwenye jezi. Tarehe 23 Oktoba 1999, Nwankwo Kanu, Mnigeria aliyekuwa amepasuliwa moyo miaka michache tu kabla, alifunga mabao matatu katika robo saa ya mwisho kwenye uwanja wa Chelsea. Kutoka 2-0 nyuma mpaka 3-2. Yeyote aliyekuwa na televisheni Runyenjes au Nkubu wiki hiyo alikuwa na wageni. Halafu wakaja Lauren wa Kameruni na Kolo Touré wa Kodivaa, na msimu wa 2003/04 timu hiyo ikacheza ligi nzima bila kufungwa. Kijana aliyechagua timu mwaka ule alichagua kitu ambacho hakijawahi kushindwa. Alidhani ameoa nyumba isiyojua njaa.

Na jezi hiyo ilivaliwa na kila mtu. Raila Odinga hakuficha kamwe kwamba ni shabiki wa Arsenal. Embu na Meru tulimnyima kura uchaguzi baada ya uchaguzi, lakini Jumamosi jioni tulilia naye.

Mpira wenyewe ulifika kwa dishi. DStv ilikuwa ya mabwenyenye na ya kumbi, ndiyo sababu kumbi zikastawi. Mwaka wa 2007 ikaja GTV kwa bei nafuu, ikanyakua mechi nyingi za Uingereza, na mapaa ya mabati kuanzia Manyatta hadi Makutano ya Meru yakaota madishi. Januari 2009 kampuni ikaanguka kwa siku moja. Madishi yakabaki. Moja nililiona pande za Runyenjes limepinduliwa, kuku wakinywea maji. Huo ulikuwa utangulizi, kama tungekuwa na masikio: kitu kilichotuletea timu nyumbani kilikuwa na mwenyewe mbali sana, na alipofunga duka hakutupigia simu.

Mwenye Arsenal naye aliingia polepole. Stan Kroenke, tajiri wa Missouri aliyeoa katika ukoo wenye maduka ya Walmart, alinunua hisa za kwanza mwaka wa 2007. Mwenyekiti wa wakati huo, Peter Hill-Wood, mzee wa ukoo uliokaa kwenye kiti hicho vizazi vitatu, alimkataa hadharani na kusema watu wa aina yake hawatakiwi. Hazikupita nyingi, wazee haohao wakamuuzia. Aprili 2011 akawa na zaidi ya asilimia 60. Agosti 2018 akanunua asilimia 30 za Alisher Usmanov kwa pauni milioni 550. Akishavuka asilimia 90, sheria ya Uingereza humruhusu kuwalazimisha waliobaki wauze. Waliobaki walikuwa watu wadogo: waliorithi hisa moja kutoka kwa babu, na wale wa mpango wa Fanshare, ulioanzishwa 2010 ili shabiki anunue kipande cha hisa, akate kidogokidogo kila mwezi kama mtu wa chama. Bei ilikuwa pauni 29,419 kwa hisa, karibu shilingi milioni 3.8 za Kenya siku hizo. Walilipwa, ndiyo. Hakuna aliyeibiwa. Lakini hawakuulizwa kama wanataka kuuza, na baada ya hapo hapakuwa na mkutano wa kila mwaka wa kusimama na kuuliza swali.

Nilipomsimulia baba mdogo habari hii, alitaka kujua jambo moja tu. "Kabla hawajanunuliwa, hiyo mikutano ilikuwa inawasaidia?"

Ni swali la mtu aliyehudhuria mikutano. Huku kwetu tumekuwa wanahisa kwa muda mrefu kuliko tunavyojipa sifa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, serikali ya kikoloni ilipokubali kwa shingo upande kwamba Mwafrika apande kahawa ya arabika, majaribio yaliwekwa Kisii, Embu na Meru, mbali na mashamba ya walowezi, ambao walidai Mwafrika angeleta magonjwa ya mibuni na wizi. Vyama vya ushirika vikafuata, kila kimoja na kiwanda chake kando ya mto. Mwaka wa 1975 jalidi ikaunguza kahawa ya Brazil, bei ikaruka, na 1976 na 1977 watu wa mlimani wakajenga nyumba za mawe na kupeleka watoto shule. Halafu bei ikashuka, madeni ya vyama yakapanda, mkulima akawa anapeleka tunda jekundu na kurudishiwa karatasi ya makato. Wengi waliacha mibuni ikawa kichaka. Wengine waling'oa wakapanda miraa, au muguka kule Mbeere.

Chai ina hadithi yake. KTDA ilianza kama mamlaka ya serikali mwaka wa 1964, na mwaka wa 2000 ikakabidhiwa wakulima. Kwa karatasi, zaidi ya nusu milioni ya wakulima wadogo ndio wenye viwanda, na viwanda ndivyo vyenye KTDA. Kwa karatasi, baba mdogo ni mwenye. Kila Oktoba anangoja bonasi, na kila Oktoba anaambiwa kiasi, haambiwi hesabu. Kuna ada ya usimamizi ambayo KTDA hukata kwa kazi ya kusimamia viwanda vya wakulima wenyewe. Nilipomwambia kwamba Arsenal, mwaka wa 2014 na tena 2015, iliilipa kampuni ya Kroenke pauni milioni 3 kila mara kwa "huduma za ushauri", hakushangaa hata kidogo. Aliweka kikombe chini akasema, "Hiyo naijua." Wanahisa wadogo wa London walipiga kelele mkutanoni, na baada ya hapo malipo hayo yakakoma. Kwa hiyo jibu la swali lake ni kwamba mikutano ilisaidia, kidogo. Ndiyo maana kuzimwa kwake kuliuma.

Sitaki kuvuta ulinganisho huu mpaka ukatike. Chai ni karo ya shule na dawa ya hospitali. Arsenal ni Jumamosi. Lakini hasira ilikuwa na umbo moja, na watu wa huku waliitambua upesi kuliko mashabiki wa miji mikubwa waliozoea kumlaumu kocha. Vijana walimlaumu Wenger kwa sababu Wenger ndiye aliyeonekana, ameketi pale na koti lake refu lenye zipu ya matata. Mkulima naye kwanza humlaumu karani wa mizani. Ni wazee waliouliza karani ametumwa na nani.

Ukame ulikuwa na madaraja. Daraja la kwanza lilikuwa la makombe: kutoka Kombe la FA la 2005 hadi Mei 2014, miaka tisa mitupu, huku klabu ikilipia uwanja mpya wa Emirates iliouhamia 2006. Tulijifunza kusema "wa nne ni kama kombe," na wenye Chelsea wakatucheka, wana haki. Katikati yake kulikuwa na usiku wa tarehe 5 Mei 2009, Manchester United walipotufunga 3-1 nyumbani kwetu katika nusu fainali ya UEFA. Kesho yake gazeti lilisema kijana mmoja wa Embakasi, Nairobi, alikuwa amejinyonga akiwa na jezi ya Arsenal. Habari ikazunguka dunia kama kioja cha Waafrika wanaopenda mpira kupita kiasi. Ukumbini Embu haikusomwa kama kioja. Mwenye ukumbi alizima sauti ya televisheni, akasema wale wanaokunywa waende nyumbani wakiwa wawili wawili. Hakuna aliyejua huyo kijana alikuwa amebeba nini kingine.

Kombe lilirudi tarehe 17 Mei 2014, Hull City wakiongoza 2-0 na kupoteza 3-2. Maua na Muringene walisherehekea kwa magari na honi. Wiki tano baadaye, tarehe 24 Juni, Uingereza ikapiga marufuku miraa. Wameru wa Igembe walikuwa na uhusiano na London ambao sisi wa Embu hatukuwa nao: mabunda yaliyofungwa kwa majani ya migomba Muringene asubuhi yalikuwa Heathrow kesho yake. Soko hilo likafungwa kwa sheria iliyopitishwa na watu ambao hakuna Mmeru aliyewapigia kura. Rafiki yangu wa Maua, aliyekuwa akipakia miraa, alisema mwaka huo kwamba sasa kitu pekee kinachosafiri kati yake na London ni Arsenal, na hicho kinakuja tu, hakiendi.

Daraja la pili ndilo lililoanza kwenye kreti za soda mwaka wa 2017. Wiki moja baadaye tulichukua Kombe la FA mbele ya Chelsea, na furaha ilikuwa ya siku mbili. Mei 2018 Wenger akaondoka baada ya karibu miaka 22. Vijana walipata walichoimba. Mei 2019 tukafungwa 4-1 na Chelsea kule Baku, katika fainali ya ile Europa tusiyoihesabu. Kisha tukamaliza wa nane, na mwaka uliofuata tukamaliza wa nane tena. Agosti 2020, siku chache baada ya kushinda Kombe la FA viwanja vikiwa vitupu, klabu ya bilionea ikatangaza kwamba itapunguza wafanyakazi 55. Sasa hakukuwa na kocha wa kusimama katikati. Swali la baba mdogo likawa la kila mtu.

Hapa lazima niwe mkweli kwa Kroenke, ingawa hanihitaji. Timu isiyo na mwenye nayo hukauka. Gor Mahia haina bilionea. Ina wanachama, ina uchaguzi, ina mashabiki wanaoweza kumsimamisha mwenyekiti barabarani. Ilikaa bila ubingwa wa ligi tangu 1995 hadi 2013, miaka 18. Leopards walichukua ligi 1998, na Arsenal waliporudi UEFA walikuwa bado wanangoja. Kelele tele, na mwenye wa kumpigia kelele hayupo, kuna viongozi tu wanaopokezana kiti na madeni. Na sisi wa huku tuna viwanja bila timu. Kinoru kule Meru kiliwekwa kwenye orodha ya viwanja vya michuano ya CHAN ya 2018; Septemba 2017 CAF ikaipokonya Kenya mashindano kwa kuchelewa kujitayarisha, na umati mkubwa wa kwanza niliouona Kinoru baada ya ukarabati ulikuwa wa Madaraka Dei ya 2018, watu wakiangalia gwaride. Embu tulikarabatiwa uwanja kwa Madaraka ya 2023, tukaangalia gwaride sisi pia. Ukipita leo utakuta jukwaa zuri la wageni waheshimiwa. Klabu ya ligi kuu yenye makao pale, utafute.

Wako pia waliotendewa vibaya kuliko sisi na mtu huyuhuyu. Kroenke ana timu ya mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba mikononi, inayoitwa Rams. Ilikuwa St. Louis, mji wa jimbo lake mwenyewe la Missouri, na hata jina lake, Enos Stanley, alipewa kwa heshima ya wachezaji wawili wa besiboli wa mji huo. Kuanzia 2005 mpaka 2015, misimu 11, Rams hawakufika hata mara moja kwenye mtoano wa mwisho wa msimu, ambao kwao ndio UEFA yao. Mashabiki walingoja, wakalipia tiketi, wakazomea. Januari 2016 akaihamishia Los Angeles. Mji ukaenda kortini, na Novemba 2021 pande zikapatana kwa dola milioni 790. Pesa zikaingia. Timu haikurudi, na miezi mitatu baadaye ikachukua ubingwa wa Marekani, huko Los Angeles. Mashabiki wa St. Louis waliangalia kwenye televisheni, kama sisi. Wao ndio waliojifunza kwa gharama kubwa kuliko wote ni nani hasa mwenye timu.

Sisi tulikaribia kujifunza hivyohivyo tarehe 18 Aprili 2021. Klabu 12, Arsenal ikiwemo, zilitangaza Super League yao, ya matajiri wasioshuka daraja. Hebu fikiria: klabu iliyokuwa ya tisa ligini wiki hiyo ilitaka kujipa kiti cha kudumu mezani. Siku mbili baadaye walikuwa wameomba msamaha na kujiondoa. Ijumaa ya tarehe 23, kabla ya mechi na Everton, wao tena, maelfu walijaa nje ya Emirates wakitaka Kroenke auze. Daniel Ek wa Spotify akasema yuko tayari kununua. Kroenke akajibu kwamba haiuzwi.

Embu hakukuwa na ukumbi. Kafyu ya korona ilianza saa nne usiku, saa ileile mechi ilipoanza, na polisi hawakuwa na mzaha. Baba mdogo aliangalia kwenye simu ya binti yake, akiwa amekaa jikoni karibu na moto. Miezi hiyohiyo serikali ilikuwa imelazimisha uchaguzi wa wakurugenzi wa viwanda vya chai, kesi zikiwa kortini, watu wakibishana kama kura ihesabiwe kwa kichwa au kwa wingi wa hisa. Kwenye Wimwaro FM asubuhi ilikuwa chai, jioni ilikuwa Arsenal. Nilimpigia simu usiku ule. Leno alikuwa amejifunga, 1-0.

"Wamejaa pale nje," akasema. "Ni wengi. Umeona?"

"Nimeona."

"Lakini hakuna hata mmoja mwenye kura." Akanyamaza kidogo. "Sisi angalau tuna kura. Nitaenda hiyo siku, hata kama korti itasema nini."

Alienda. Alipanga foleni tangu saa moja asubuhi na barakoa yake, akapiga, na mtu wake akashinda. Bonasi ya mwaka huo aliieleza kwa neno moja ambalo sitaliandika. Alienda tena uchaguzi uliofuata.

Kroenke hakuuza. Jambo lililotokea ni kwamba alianza kutumia. Mwanawe Josh akaanza kuonekana uwanjani, akakutana na mashabiki, na pesa zikatoka: Ødegaard, White, baadaye Declan Rice kwa zaidi ya pauni milioni 100. Je, ni maandamano yaliyomsukuma? Wapo wanaosema ni biashara tu, kwamba klabu isiyocheza UEFA inapoteza thamani. Mimi naona ni yote mawili, na kwamba mtu asingehesabu hasara hiyo upesi hivyo kama watu hawangesimama nje ya mlango wake. Sina namna ya kuthibitisha. Baba mdogo anasema hata fakitori hutengeneza barabara ya chai mwaka wa uchaguzi.

Jumatano ya tarehe 20 Septemba 2023, saa nne usiku, ukumbi wa nyuma ya stendi ulijaa mpaka dirishani. Miaka sita na ushee. Wimbo wa UEFA ulipopigwa, watu wazima walisimama na kofia mikononi kama ni wimbo wa taifa. PSV ya Uholanzi ndiyo iliyoletwa kuchinjwa. Saka, Trossard, Jesus, kabla ya mapumziko, na Ødegaard baadaye. 4-0. Kijana aliyekuwa karibu nami hakuwahi kuona Arsenal wakicheza UEFA na akili zake timamu. Mara ya mwisho alikuwa darasa la nne. Alikuwa akirekodi televisheni kwa simu, mkono unatetemeka.

Baba mdogo alikuwa benchi lilelile la mbele. Kamera ilipoonyesha jukwaa la wakubwa, akainama mbele na kukaza macho.

"Huyo ndiye mwenyewe?"

"Hapana mzee, sidhani. Ni wageni tu."

"Hajakuja hata leo?"

"Labda amekuja. Hawajamwonyesha."

Akatikisa kichwa, akavaa koti. Ilikuwa inakaribia saa sita, na gari la mwisho la Kianjokoma lilikuwa linapiga honi nje, likingoja lijae.